Sadaka au Taka: Mabaki ya Ibada Kit Mikayi

Atokaye Lumakanda akapita Kakamega hadi Kisumu, kisha akashika njia ya Bondo, huikuta huko Seme miamba iliyorundikana kufikia kimo cha mita 40 hivi. Haikujengwa na mkono wa mtu. Ndiyo Kit Mikayi. Katika Kijaluo, kidi ni jiwe, nalo hugeuka kit linapotajiwa mwenyewe. Mikayi ni mke mkubwa. Jina lilikwisha kuufanya mwamba kuwa mtu wa nyumbani kabla msalaba haujafika.

Waumini wa Legio Maria, dhehebu lililojitenga na Kanisa Katoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960, huenda kusali na kufunga mapangoni humo. Nta ya mishumaa yao, mpita njia huiita taka. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Huko Mungomi wa Kolo, Kondoa, pombe ya matambiko humwagwa penye michoro ya kale. Wahifadhi wamelalamika, na kwa haki, maana rangi huharibika. Hata hivyo UNESCO, ilipoiorodhesha michoro ya Kondoa mwaka 2006, iliyahesabu matumizi hayo ya wenyeji kuwa sehemu ya thamani yake. Neno taka lingewafaa zaidi watalii na chupa zao.