Makopo Sita kutoka Muhima

Mwezi uliopita nilipewa orodha. Aliyenipa ni msichana wa miaka 17 katika kundi la vijana ninaloliongoza hapa Mahama. Nitamwita Neema, ingawa si jina lake. Alisikia kwamba naenda Kigali, akachana karatasi ya daftari na kuandika vitu sita vya uso: sabuni ya kusugua, maji ya kusafishia, serumu, krimu ya mchana, krimu ya usiku, na mafuta ya kupaka juu ya hivyo vyote. Chini akaandika: "Dada, tafadhali ununue Muhima, huko ni nafuu." Pesa alizikunja ndani ya karatasi hiyo. Nilizihesabu kwenye basi. Zilizidi pesa ya chakula ya mtu mmoja kwa miezi miwili.

Nilishuka Nyabugogo, nikapanda kilima kwa miguu kuelekea mjini. Anayeijua Muhima anajua jinsi maduka yalivyobanana: vitambaa, viatu, simu, halafu duka la mafuta lenye makopo kutoka sakafuni hadi darini. Nikampa mama muuzaji ile karatasi. Akaisoma, akacheka kidogo.

"Dada yangu, huyu anataka kutoa madoa tu, ama anataka kuwa mweupe?"

Nikasema sijui.

"Basi hajaandika yote." Akainama chini ya meza, akatoa tyubu mbili zilizofichwa ndani ya soksi. "Hizi ndizo zinafanya kazi. Hizo zingine ni za kusindikiza."

Sikununua kitu siku ile. Lakini neno lake la "kusindikiza" nilirudi nalo hadi kambini, kwa sababu linajibu swali ambalo vijana wananiuliza kila wiki: huu utaratibu mrefu wa kujipaka, asubuhi hatua tano, usiku hatua sita, unasaidia ngozi ama unaiharibu? Wanauona kwenye simu, wanaona wasichana wa Korea wenye nyuso zinazong'aa, na wanafikiri tofauti kati yao na sisi ni idadi ya makopo.

Nianze na mimi mwenyewe, ili mtu asiseme nahubiri tu. Nilikulia Gihembe, kule juu kwenye baridi. Nilipofika miaka 17, mama mdogo alikuwa anachanganya mkorogo ndani ya beseni: jeli, tyubu ya dawa, na mafuta ya kopo. Wiki mbili tu uso ukawa laini na mweupe, nikasifiwa bombani. Mwezi wa tatu chunusi zikanijaa. Nikiacha, uso unawaka moto. Nikirudia, unatulia. Kwa hiyo nikaongeza sabuni ya chunusi. Sabuni ikakausha, nikaongeza mafuta ya kulainisha. Madoa yakabaki, nikaongeza krimu ya madoa. Yaani nilikuwa na hatua nne bila kujua neno lolote la Korea. Kila kopo lilikuwa linatibu jeraha la kopo lililotangulia.

Siku ya uhakiki, afisa alishika kadi yangu, akaangalia picha, akaniangalia mimi, akaangalia picha tena. Watu kwenye foleni wakacheka. Mmoja akasema ule utani wetu wa zamani: uso wa Fanta, mguu wa Coca. Nilicheka nao, lakini tumbo liliniuma. Mkimbizi ana vitu vichache vya kuthibitisha yeye ni nani, na mimi kimoja nilikuwa nakisugua kila usiku.

Mwaka 2021 Gihembe ilifungwa, tukahamishiwa Mahama. Jua la Kirehe si la Byumba. Ngozi yangu ilikuwa imebaki nyembamba kama karatasi, ikaungua ndani ya wiki moja. Hapo ndipo niliacha kabisa, na hapo ndipo nikaanza kujiuliza: hizi dawa zilitoka wapi?

Kumbe historia yake ni ndefu. Zebaki ndiyo ya zamani zaidi. Wanawake wazungu wa Ulaya na Marekani waliipaka kuondoa madoa ya jua kabla bibi zetu hawajaisikia. Dawa ya pili, haidrokwinoni, ina ndugu yake aliyejulikana kwa ajali. Mwaka 1939 madaktari wa Marekani waliandika habari za wafanyakazi wa kiwanda cha kusindika ngozi za wanyama. Mikono yao ilikuwa inapoteza rangi na kuwa na mabaka meupe. Wakatafuta sababu, wakaikuta ndani ya glavu za mpira: kemikali ya jamii ya haidrokwinoni iliyowekwa ili mpira usichakae. Kwa wafanyakazi ilikuwa ajali ya kazini. Baadaye, kwa wafanyabiashara, ikawa bidhaa. Kitu kilichoonekana kama ugonjwa kwenye mikono ya kibarua kiliuzwa kama urembo kwenye uso wa dada yake.

Miaka ya 1960 krimu hizi zilikuwa zimeshafika kwetu Afrika Mashariki. Gazeti la Drum, lililosomwa mijini, lilijaa matangazo yake. Na hapa nataka kulinganisha mambo mawili, kwa sababu yanatuhusu mpaka leo.

La kwanza ni la Dar es Salaam. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969. Ilikataza sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua. Viongozi walisema ni kulinda utamaduni. Lakini barabarani, Kariakoo na kwenye mabasi, ilikuwa ni vijana wa kiume kuwasimamisha wanawake na kuwasumbua. Mwanamke ndiye aliyeonekana mkosaji. Kiwanda kilichotengeneza krimu hakikusimamishwa kwenye basi.

La pili ni la Nairobi. Madaktari walikuwa wanapokea watu wazima waliovimba miguu na uso, figo zao zikivujisha protini. Hawakuwapigia kelele. Waliwauliza: unajipaka nini? Mwaka 1972 waliandika matokeo katika jarida la madaktari la Uingereza: kati ya wagonjwa 60, zaidi ya nusu walikuwa wanatumia krimu zenye zebaki. Zebaki ilikuwa inapita kwenye ngozi, inaingia kwenye damu, inafika kwenye figo. Baadhi yao walipata nafuu baada ya kuacha krimu.

Operesheni ilimshika mwanamke, daktari akalishika kopo. Mimi nikisoma mambo haya mawili naona hata sisi viongozi wa vijana tunafanya kama wale wa Kariakoo mara nyingi kuliko kama wale wa Nairobi.

Afrika Kusini nako walijifunza kwa maumivu. Mwaka 1975 madaktari walieleza ugonjwa wa wanawake waliotumia haidrokwinoni muda mrefu: mashavu yaligeuka meusi yenye ubluu, yakawa na vipele vigumu. Ugonjwa huo unaitwa okronosi, na kuuondoa ni vigumu sana. Dawa ya kuleta weupe ikaleta weusi usiotoka, na mwanamke akiona weusi anaongeza dawa. Mwaka 1990 nchi hiyo ilizikataza. Umoja wa Ulaya ulifuata, ukaiondoa haidrokwinoni kwenye krimu za kung'arisha ngozi mwaka 2001.

Hapa Rwanda wengi wetu tunakumbuka. Novemba 2018 Rais Kagame aliandika kwenye Twitter kwamba kujichubua kunadhuru afya na kunatumia kemikali zilizokatazwa, akaitaka Wizara ya Afya na polisi washughulikie haraka. Kufikia Januari 2019 polisi na wakaguzi walikuwa wanaingia madukani na sokoni, wakibeba makopo kwa maboksi. Ilikuwa hatua nzuri, maana safari hii walikwenda dukani badala ya kumsimamisha mwanamke barabarani. Lakini tyubu ndani ya soksi inaonyesha kwamba hamu haikubebwa pamoja na maboksi.

Sasa nirudi kwenye swali la hatua nyingi. Ngozi ni ukuta. Tabaka lake la juu limejengwa kwa seli zilizokufa na mafuta katikati yake, kama matofali na udongo. Linazuia maji yasitoke na vijidudu visiingie. Ukilisugua asubuhi, ukalisugua tena jioni, ukapaka asidi, unatoa udongo katikati ya matofali. Ukiongeza tyubu ya steroidi, ambayo ni dawa ya hospitali ya kutuliza ukurutu kwa siku chache, ngozi inakuwa nyembamba, inapata michirizi, inashindwa kupigana na fangasi, na kidonda kinachelewa kupona. Mama anayejifungua kwa upasuaji akiwa amejipaka mwili mzima miaka mingi, mshono wake unaweza kuleta shida. Hilo si la urembo tena.

Lakini nisiwe mwongo kwa upande mwingine. Si kila kopo ni baya. Ngozi yetu inakauka wakati wa kiangazi, na mafuta mazito ya mgando yanaisaidia kweli. Ndugu zetu wenye ualbino wanahitaji krimu ya kuzuia jua kila siku, na kwao si anasa, ni kinga ya saratani. Hata haidrokwinoni daktari wa ngozi anaweza kuiandika kwa muda mfupi, akikufuatilia. Kinachoharibu zaidi ni kemikali isiyo na jina, na ule mnyororo wa kopo linalotibu kopo. Kwa hiyo kipimo changu ni rahisi. Kwa kila hatua, uliza: inatibu nini? Kama jibu ni "inatibu kile kilicholetwa na ile nyingine," basi zote mbili ziache. Na kama ulikuwa kwenye steroidi muda mrefu, usiache peke yako kwa siku moja kama nilivyofanya mimi. Nenda kituo cha afya, sema ukweli.

Na hapa nawaomba ndugu wa mashirika mnaosoma. Mabango yenye nyuso zilizoungua hayatusaidii. Mtu aliyeungua analiona bango, anafunika uso, hafiki kliniki. Fanyeni kama wale madaktari wa Nairobi. Akija mtu amevimba, ama kidonda hakiponi, ama anakuja mjamzito, muulizeni kwa upole: mama, unajipaka nini? Mwambieni alete kopo. Msicheke.

Niliporudi kutoka Muhima nilimrudishia Neema pesa zake, zote, na karatasi yake. Alikasirika. Nikatoa kadi yangu, ile ya picha ya zamani. Akaangalia picha, akaniangalia, akaangalia picha tena, kama yule afisa.

"Dada, ulikuwa mweupe?"

"Nilikuwa mgonjwa," nikasema.

Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza swali ambalo bado sijalijibu vizuri. "Sawa, nimeelewa za zebaki. Lakini wewe ukiacha, ulisifiwa tena bombani?"

Nilimwambia hapana. Ilichukua muda, na wengine hawajanisifu mpaka leo. Sikutaka kumdanganya. Kopo linaweza kukatazwa na wizara, lakini maneno ya bombani ni yetu sisi, hakuna polisi wa kuyabeba kwa boksi. Ni sisi tunaosema "huyu mweusi" kama vile ni kosa, hata kwa mtoto wa miaka mitatu.

Wiki iliyofuata Neema alinunua sokoni hapa kambini sabuni ya kawaida na kopo moja la mafuta ya mgando. Pesa iliyobaki alimpa mama yake. Orodha hajaitupa. Niliiona ndani ya daftari lake, imekunjwa vilevile. Simlazimishi kuitupa. Kila Jumamosi anakuja kwenye kundi, anakaa mbele, na watoto wadogo wakimwita kwa jina la rangi yake, mimi na wengine tunawaambia jina lake halisi.