Ngome ya Monroe na Mashua ya Watoro Watatu

Katika jimbo la Virginia, penye rasi iliyo kwenye mlango wa ghuba ya Chesapeake, ipo ngome kubwa ya mawe iliyozungukwa na handaki la maji, nayo yaitwa Fort Monroe. Rasi hiyo ndiyo Point Comfort, ambako mwezi wa Agosti 1619 jahazi la White Lion lilishusha Waafrika ishirini na ushei, waliotekwa katika nchi ya Angola, wakabadilishwa kwa chakula.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, majimbo ya Kusini yakiwa yamejitenga ili kuuhifadhi utumwa, ngome hii ilibaki katika milki ya Serikali ya Washington ilhali Virginia iliyoizunguka imekwisha kuasi. Na Rais Lincoln wakati huo alikuwa akisema dhahiri kwamba hakusudii kuugusa utumwa mahali ulipo.

Usiku wa tarehe 23 Mei, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, watumwa waliokuwa wakifanyishwa kazi ya kujenga boma la mizinga la waasi huko Sewell's Point, walijitia mashuani, wakavuta makasia gizani mpaka ng'ambo, wakaomba hifadhi ngomeni. Haukupita muda ila afisa wa waasi, Meja John Cary, alikuja na bendera nyeupe kuwadai, akiitegemea sheria ya mwaka 1850 iliyowajibisha kurejeshwa kwa kila mtoro. Jenerali Benjamin Butler, mkuu wa ngome hiyo, aliyekuwa wakili kabla ya kushika upanga, alimjibu kwamba madhali Virginia yajidai kuwa dola ya kigeni, haina haki ya kuitegemea sheria ya Marekani; na kwa kuwa watu hao walikuwa wakimjengea adui, basi ni ngawira halali ya vita.

Hoja hiyo haikuwa ya utu, kwani ilizidi kumhesabu binadamu kuwa mali. Lakini habari zake zilienea vibandani kote, na kabla ya juma kwisha watoro walikuwa wakifika kwa makumi, wazee, wanawake na watoto wachanga, hata wakawa maelfu, wakajijengea makazi juu ya majivu ya mji wa Hampton uliotiwa moto na waasi wenyewe.

Aghalabu wanahistoria hutaja mapigano ya Antietam, Gettysburg na Vicksburg kuwa ndipo vita vilipogeuka, na ni kweli. Lakini tangazo la Lincoln la uhuru wa watumwa la tarehe 1 Januari 1863, na askari weusi wapatao 180,000 waliopigana chini ya bendera ya Muungano, yaani upande wa Washington, vilitanguliwa na watu watatu waliothubutu kujikomboa kabla ya kukombolewa.

Mwezi wa Mei 1865, miaka minne tangu mashua ile ivuke, Jefferson Davis, rais wa waasi, aliletwa mahabusu katika ngome hiyo hiyo, akatiwa pingu.