Dawa ya mmoja haitoshi

Mimi ni mtu wa kilimo, si munganga, lakini hii historia inanigusa.

Jirani yangu mmoja alitibiwa kisonono mara tatu kwa mwaka. Kila mara anapona, kisha bwana yake anarudi kutoka machimbo, ugonjwa nao unarudi. Watu wakasema ni mama anatembea ovyo. Bwana, hakuna aliyempima.

Shambani tunaijua hii. Ukipanda miti safi ya mihogo karibu na shamba lenye mozaiki, inzi weupe wataleta ugonjwa tena. Utalaumu miti?

Wamarekani wawili, Herbert Hethcote na James Yorke, waliiweka katika hesabu. Kitabu chao kilitoka 1984. Kisonono hakiachi kinga: aliyepona leo anaweza kuambukizwa kesho. Njo maana walilinganisha njia: kupima watu wote, kupima tena waliotibiwa, ao kuwatafuta wenzi wao. Walionyesha pia kwamba kikundi kidogo cha watu kinaweza kuendesha ugonjwa wa muji muzima.

Kisha ikaja majaribio ya kwetu Afrika. Mwanza, Tanzania, kuanzia 1991, vituo vya afya vya vijiji vilipewa dawa na mafunzo, na wagonjwa wakaombwa kuleta wenzi. Baada ya miaka 2, maambukizo mapya ya UKIMWI yalikuwa chini kwa karibu 40% kuliko vijiji vingine. Watu wakafurahi sana.

Lakini Rakai, Uganda, walipitia nyumba kwa nyumba kila miezi 10, wakatoa dawa kwa watu wazima wote, wagonjwa na wazima. Maambukizo ya UKIMWI hayakupungua. Watu wa hesabu walieleza sababu moja: kule UKIMWI ulikuwa umeshaenea siku nyingi, kwa hiyo kisonono na wenzake havikuwa tena njia yake kubwa.

Mimi naona hivi: matokeo ya dawa yanategemea nani anatibiwa, na wakati gani. Kwa jirani yangu hesabu ni ndogo: watu wawili, siku moja. Hakuna aliyeifanya, na jina baya akabaki nalo mama peke yake.

Wenzetu wa fakulte ya udaktari, mgonjwa akirudi mara ya pili, mbele ya kumuhukumu, muulizeni: mwenzako alimeza dawa?