Kabla Hamjaiuza Ile Suzuki ya Baba Mkubwa

Sisi huku Stockholm ni wazima, ila baridi ndiyo inatunyoosha.

Nimepata habari kwamba kikao cha familia kilizungumzia kuiuza ile Suzuki ya marehemu Baba Mkubwa kwa watu wa vyuma chakavu. Mimi ni mtoto, siwezi kupingana na wakubwa, na neno la mwisho ni lenu. Lakini msimu huu wote wa baridi nimeshinda na injini ya ukoo uleule mezani, Yamaha ya cc 125 ya miaka ya 1980 niliyoinunua ikiwa imekufa. Kwa hiyo naomba niwaandikie historia yake kidogo, ili mkiuza muuze mkijua mnachokiuza. Wekeni chai karibu, leo nitasema sana.

Kwanza tujue ni kitu gani. Bodaboda za siku hizi karibu zote ni za mipigo minne. Pistoni hupanda na kushuka mara mbili ndipo ipatikane nguvu mara moja, na juu kuna valvu zinazofunguliwa kwa kamshafti. Ya Baba Mkubwa ni ya mipigo miwili, zile za kuchoma oili pamoja na petroli. Pistoni ikipanda na kushuka mara moja tu, nguvu imepatikana. Kichwani hakuna valvu hata moja. Ubavuni mwa silinda kuna matundu, na pistoni yenyewe ndiyo mlango wa kuyafunga na kuyafungua. Hewa na petroli hupita kwanza chini kwenye krenki, ndiyo maana oili lazima iingie pamoja nazo. Bila oili hiyo, krenki na pistoni vinasagana vikavu.

Mskoti Dugald Clerk ndiye aliyepata hataza ya injini ya mipigo miwili mwaka 1881, lakini yake ilihitaji pampu ya pembeni. Mwaka 1891 Joseph Day wa mji wa Bath, Uingereza, akapata hataza ya injini inayotumia chumba cha krenki kama pampu. Hapo ndipo injini ikawa rahisi kiasi cha kuwekwa kwenye mashua, mashine ya kukata miti na pikipiki.

Ila ilikuwa na ila moja kubwa. Petroli mpya ikiingia, nyingine ilitoroka na moshi kabla ya kuungua. Mwaka 1925 Mjerumani Adolf Schnürle alipata dawa: matundu ya kuingizia yaelekezwe ili mchanganyiko uzunguke ukutani na kuusukuma moshi nje. Kampuni ya DKW ya mji wa Zschopau, iliyoanzishwa na Mdenmaki Jørgen Skafte Rasmussen, ilitumia elimu hiyo, na mwaka 1939 ikatoa pikipiki ndogo iitwayo RT 125. Ujerumani iliposhindwa vita, washindi walichukua michoro yake kama fidia. Warusi wakaiunda kwao, Waingereza wakaiita BSA Bantam mwaka 1948, Harley-Davidson ya Marekani nayo ikatoa yake mwaka huohuo. Mwaka 1955 Yamaha ya Japani ilitoa pikipiki yake ya kwanza kabisa, YA-1, nayo ilifuata mfano wa RT 125. Kwa hiyo Yamaha zote mlizoziona zikipanda mlima na bwana shamba zina bibi mmoja Zschopau.

Na Suzuki je? Hapa Sweden inaingia.

Baada ya vita Zschopau iliangukia Ujerumani Mashariki, na kiwanda kikaitwa MZ. Mhandisi wake wa mashindano alikuwa Walter Kaaden. Huyu aliendeleza namna ya kutumia sauti ya injini yenyewe kufanya kazi ya valvu. Bomba la moshi alilitanua tumbo kisha akalibana mwishoni, ili wimbi la sauti lirudi na kuirudisha silindani petroli iliyokuwa inatoroka. Kufikia 1961 injini yake ya cc 125 ilitoa nguvu farasi 25 kwa mizunguko 10,800 kwa dakika. Ni silinda ndogo kama kikombe, jamani.

Dereva wake alikuwa Ernst Degner. Mwezi Agosti 1961 serikali ya Ujerumani Mashariki ilianza kujenga ukuta wa Berlin. Mwezi uliofuata, miezi mitatu hivi kabla ya Uhuru wa Tanganyika, Degner alikuja kushindana Kristianstad, kusini mwa Sweden, akiwa anaongoza mbio za ubingwa wa dunia wa cc 125. Injini yake iliharibika njiani. Lakini alikuwa na safari nyingine moyoni. Hakurudi kwao. Alipitia Denmark hadi Ujerumani Magharibi, na mkewe na watoto wakavushwa wakiwa wamefichwa ndani ya buti ya gari. Kisha akaenda Suzuki, Japani, akiwa na siri za Kaaden kichwani. Mwaka 1962 Suzuki ilipata ubingwa wake wa kwanza wa dunia, daraja la cc 50, na dereva alikuwa Degner huyohuyo.

Mnaona mambo hayo? Pikipiki iliyolala stoo, kuku wakiitagia juu, ina damu ya mtu aliyehatarisha familia yake nzima. Sisemi alitenda haki. Kaaden na wenzake walibaki nyuma ya ukuta wakiulizwa maswali. Nasema tu kwamba elimu hiyo haikutufikia bure.

Wasweden nao walikuwa mabingwa wa injini hizi. Husqvarna, kilichoanza kama kiwanda cha silaha mwaka 1689, kilitoa mwaka 1955 pikipiki nyepesi ya cc 175 iitwayo Silverpilen, yaani mshale wa fedha. Ilitengenezwa isizidi kilo 75, kwa sababu sheria ya hapa iliwaruhusu vijana wa miaka 16 kuendesha pikipiki ya uzito huo. Vijana wakaifungua, wakaikata, wakaipeleka porini kushindana. Torsten Hallman akawa bingwa wa dunia wa motokrosi ya cc 250 mara nne, 1962, 1963, 1966 na 1967, zote kwa Husqvarna ya mipigo miwili.

Hata gari la Saab lilianza na injini hii. Wazee wenzangu wa redio watakumbuka mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Mwaka 1962 Pat Moss alimaliza wa tatu kwa Saab 96. Mwaka 1963 Erik Carlsson, jitu la Kisweden, alikuwa akiongoza hadi alipomgonga muhanga barabarani, safari ikaishia hapo. Akarudi Pasaka ya 1964 akamaliza wa pili. Matope yetu na vumbi letu vilipitwa na gari la silinda tatu lenye sauti kama ya pikipiki!

Haya, sasa nizungumze na mpwa wangu Hamisi anayesoma ufundi, maana kazi hii nataka aifanye yeye.

Hamisi, injini hii ikichoka huchoka mahali pachache. Ringi na pistoni huliwa, silinda hupanuka, beringi za krenki hulegea, na sili za krenki hukauka. Usiziache sili za zamani hata zikionekana nzima. Sili ikivuja inaingiza hewa, mchanganyiko unapungua petroli, pistoni inapata moto na kung'ang'ania silindani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ukitoa silinda, ingiza ringi peke yake ndani, isawazishe kwa kuisukuma na pistoni, kisha pima pengo la ncha zake kwa vibamba vyembamba vya kupimia. Kwa injini ndogo kama hii pengo la ringi mpya ni sehemu chache za kumi za milimita. Likizidi sana, ringi imekwisha. Silinda ikiwa na mikwaruzo, peleka kwa fundi wa mashine ya kukereza pamoja na pistoni mpya ya oversaizi, akereze kwa kufuata pistoni hiyo. Wakati wa kufunga, mshale juu ya pistoni uelekee bomba la moshi. Ncha za ringi zikae kwenye vipini vyake vidogo, la sivyo zitanasa kwenye matundu. Vipete vinavyoshika pini ya pistoni visirudiwe, nunua vipya. Kwangua masizi kwenye tundu la moshi. Shika konrodi, ivute juu na chini: ikicheza hata kidogo, krenki inahitaji kazi.

Beringi mimi niliziingiza bila nyundo. Kasha la injini nililiosha likaisha harufu ya petroli, nikalipasha kwenye oveni kama nyuzi 100. Beringi zililala barazani usiku kucha kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri. Asubuhi zikadondoka mahali pake zenyewe. Mama watoto hajafurahia ile oveni, lakini hiyo ni kesi nyingine. Wewe tumia friji ya shangazi, kwa ruhusa.

Tuseme na ubaya wake pia. Hata baada ya Schnürle na Kaaden, injini hii bado hutupa petroli isiyoungua na moshi wa oili. Ndiyo maana barabarani karibu imeachwa. Kwenye mbio kubwa za pikipiki ilianza kutoka daraja la juu baada ya 2001, na daraja la cc 125 likafungwa 2011. Kwa hiyo sisemi Suzuki hii iwe bodaboda. Kwa kazi ya kila siku mipigo minne inakula petroli kidogo na haimvutishi moshi jirani.

Ninachosema ni hiki. Karakana ninayofanyia kazi hapa ni ya watu wa kawaida wanaojifunza jioni, ustaarabu wa muda mrefu huku. Vyuo vyao vya wananchi vilianza 1868, na Mwalimu Nyerere alichukua mfano huo, Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vikaanza kwetu 1975. Elimu ya namna hiyo inahitaji kitu cha kufungua. Kijana hawezi kujifunzia kwenye bodaboda ambayo mtu anaitegemea kwa mkate wa kesho. Injini ya mipigo miwili ina vipande vichache vinavyotembea, mtu anaimaliza kwa siku chache na kuelewa kila kimoja. Na Mzee Fundi wa pale sokoni, aliyekuwa akimtengenezea Baba Mkubwa, bado yupo na macho bado yanaona. Hao watu wa vyuma chakavu watalipa kwa kilo, na ujuzi wa mzee hauna kilo.

Ombi langu: msiuze mwezi huu. Hamisi aifungue mbele ya Mzee Fundi, anitumie vipimo vya silinda na namba ya injini. Ringi, sili na pistoni nitanunua mimi, na posho ya mzee ni juu yangu. Kama krenki imepasuka na haifai, iuzeni, sitasema neno.

Ni hayo tu kwa leo. Nisalimieni wote, na Mama Mkubwa mwambieni nitapiga simu Jumapili baada ya ibada nisikie kauli yake, maana pikipiki ni ya mumewe.