RELI IKISOMBWA NA MAFURIKO: INARUDISHWA VIPI, NA KWA NINI INAKATIKA TENA?

Wadau, mvua zikikolea huwa tunasikia habari ile ile: reli imekatika, treni zimesimama, abiria wamekwama. Baada ya wiki kadhaa tunaambiwa mafundi wamemaliza kazi. Mwaka mwingine, mvua nyingine, inakatika pale pale. Watu wanaanza kulaumu mafundi. Lakini mara nyingi fundi kafanya kazi yake vizuri tu. Shida iko sehemu nyingine kabisa, na ndiyo tunayotaka kuieleza leo.

MAJI YANAVUNJAJE RELI?

Wengi wanadhani maji yanavunja chuma. Hapana. Chuma ndicho huwa cha mwisho kuharibika. Maji yanakula kile kilicho chini yake.

Chini ya reli kuna mataruma (ya mbao, chuma au zege), chini ya mataruma kuna kokoto, chini ya kokoto kuna tuta la udongo. Kokoto zina kazi mbili: kutawanya uzito wa treni na kupitisha maji ya mvua. Zikijaa matope, kazi zote mbili zinakufa.

Chini ya tuta kuna makalvati ya kupitishia maji. Kalvati likizibwa na mchanga na magogo, tuta linageuka bwawa wakati halikujengwa kuwa bwawa. Maji yanapanda upande mmoja, yanaruka juu, yanaanza kukata udongo upande wa pili. Usiku mmoja tu unatosha. Asubuhi unakuta reli inaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo.

Kwenye madaraja ni hatari zaidi. Maji ya kasi yanachimba mchanga kwenye miguu ya nguzo. Kwa juu daraja linaonekana zima, kumbe chini kuna shimo.

HATUA ZA KUIRUDISHA

1. Kusimamisha treni na kukagua. Mafundi wanapita na kiberenge, na pale kisipofika wanatembea kwa miguu. Nguzo za madaraja lazima zipimwe chini ya maji, siyo kutazamwa kwa juu tu.

2. Kuyapa maji njia. Makalvati yanazibuliwa na mitaro inachimbwa. Ukianza kujaza udongo kabla ya hapo, unamlisha mto tu.

3. Kujenga tuta upya. Mawe makubwa yanatangulia chini, halafu udongo mzuri unawekwa tabaka kwa tabaka na kushindiliwa. Hapa ndo pana kishawishi cha kumwaga kifusi fasta ili treni zipite. Kifusi kisichoshindiliwa kitatitia tu, na reli itapinda nacho.

4. Kokoto, mataruma na reli. Upana kati ya reli mbili unapimwa (kwa Reli ya Kati ya zamani ni milimita 1,000, yaani mita moja), halafu kokoto zinashindiliwa chini ya kila taruma.

5. Majaribio. Treni ya kwanza inapita polepole huku mafundi wakiangalia kama tuta linazama. Mwendo unaongezwa kidogo kidogo kadiri siku zinavyokwenda.

Kando ya mto wanaongeza vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, vinaitwa gabioni, ili maji yasile ukingo.

MFANO WA NYUMBANI: KILOSA

Wajerumani walijenga Reli ya Kati kati ya 1905 na 1914, kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Kupanda kutoka Kilosa kwenda Dodoma waliifuata njia ya bonde la mto. Ilikuwa akili: treni haiwezi mlima mkali, na mto ulishapasua njia. Lakini tangu hapo reli na mto wanaishi kama wapangaji wawili wa chumba kimoja.

Mto huo juu unaitwa Kinyasungwe, ukikaribia Kilosa unaitwa Mkondoa. Unatoka nchi kavu ya Dodoma, na mvua zikinyesha unashusha maji kwa ghafla pamoja na mchanga mwingi. Mchanga unajaa kitandani mwa mto na kukiinua. Kwa hiyo kiasi kile kile cha maji ambacho zamani kilipita chini ya reli, leo kinaifikia.

Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mkondoa ulifurika. Maelfu ya watu wa Kilosa walipoteza makazi na wengi wakaishi kwenye mahema. Reli kati ya Kilosa na Gulwe ilisombwa vipande vipande na treni kutoka Dar zikasimama. Hata safari ziliporudi, kwa muda abiria wa kwenda Kigoma walilazimika kupanda basi hadi Dodoma ndipo wakute treni. Na siyo abiria tu: njia hiyo ndiyo hubeba mizigo ya Burundi na Congo kupitia Kigoma.

Baadaye, katikati ya miaka ya 2010, Tanzania na shirika la Japan, JICA, walifanya utafiti wa kuikinga reli ya kipande hicho dhidi ya mafuriko. Maana ilishaeleweka kwamba kurudishia kokoto peke yake hakutoshi.

NA WENZETU JE?

Siyo sisi tu. Dawlish, kusini magharibi mwa Uingereza, reli inapita ufukweni kabisa. Februari 2014 dhoruba ilibomoa ukuta wa bahari na reli ikabaki inaning'inia. Mafundi walipanga makontena yaliyojazwa mawe kuvunja nguvu ya mawimbi, kisha wakajenga nyuma yake. Tarehe 4 Aprili 2014 treni zikapita tena. Miezi miwili!

Lakini hawakuishia hapo. Waliendelea kujenga ukuta mpya mrefu zaidi kwenda juu, kipande kimoja kikaisha 2020 na kingine 2023. Yaani kufungua njia ilichukua miezi miwili, kuikinga ilichukua miaka tisa.

KWA HIYO?

Kuna kazi mbili hapa, na tunazichanganya. Ya kwanza ni kurudisha reli: inaonekana na inapigwa picha. Ya pili ni kuushughulikia mto: kuzibua makalvati KABLA ya mvua, kupanua madaraja, kuinua tuta au kuhamisha njia, na kupanda miti huko juu mchanga unakotoka. Hii ya pili haina sherehe ya kukata utepe, ndiyo maana husahaulika jua likiwaka.

Mwaka 2024 treni za umeme za SGR zilianza kubeba abiria Dar hadi Dodoma. Nayo inapita wilaya hiyo hiyo ya Kilosa. Reli ni mpya, mvua ni zile zile.

La mwisho kwa wanaoishi jirani na reli: ukiona tuta limeliwa au reli inaning'inia, usipite juu yake. Kimbia stesheni ya karibu utoe taarifa. Dereva wa treni usiku haoni shimo mpaka amelifikia.

Wewe ulishawahi kukwama njiani kwa sababu reli imekatika? Tumwagie stori yako hapo chini.