Leon Fleisher

Leon Fleisher (San Francisco, 23 Julai 1928 – Baltimore, 2 Agosti 2020) alikuwa mpiga piano, kiongozi wa okestra na mwalimu wa muziki nchini Marekani. Kwa takriban miaka 30 hakuweza kuutegemea mkono wake wa kulia kwenye piano.

Alipokuwa na umri wa miaka 9 alipokewa kama mwanafunzi na Artur Schnabel. Mwaka 1952 alikuwa Mmarekani wa kwanza kushinda shindano la Malkia Elisabeth mjini Brussels. Konseto za Beethoven na Brahms alizorekodi na Okestra ya Cleveland, chini ya George Szell, zinasifiwa hadi leo.

Katikati ya miaka ya 1960, kidole cha pete na kidole cha mwisho vya mkono wa kulia vilianza kujikunja kuelekea kiganjani alipopiga piano. Alidhani ni udhaifu, akazidisha mazoezi. Hali ikazidi kuwa mbaya. Ugonjwa huo, distonia, haukai kwenye kidole. Ubongo uliozoeshwa mwendo uleule kwa miaka hushindwa kutofautisha kidole na kidole, na misuli ya kukunja na ya kukunjua huvutana kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kukazana, dawa ambayo kila mwanamuziki amefundishwa tangu utotoni, humwumiza mgonjwa wa distonia. Fleisher alizama katika huzuni, ndoa yake ikavunjika, akafikia hata kuwaza kujiua.

Kilichomwinua kilikuja polepole. Alijifunza tungo za mkono wa kushoto, nyingi zikiwa zimeagizwa na Paul Wittgenstein, mpiga piano wa Vienna aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita Kuu ya Kwanza. Konseto ya Ravel ndiyo maarufu kuliko zote. Akashika pia uongozi wa okestra. Lakini badiliko kubwa zaidi lilitokea darasani, katika chuo cha Peabody mjini Baltimore alikofundisha tangu 1959. Zamani alimsogeza mwanafunzi kando na kumpigia mwenyewe. Sasa ilimbidi atafute maneno: sauti hii inaelekea wapi, kimya hiki kinasubiri nini. Mwenyewe alisema kwamba hapo ndipo alipokuwa mwalimu bora, na akatambua kuwa uhusiano wake ulikuwa na muziki kuliko na piano.

Alijaribu kurudi jukwaani kwa mikono miwili mwaka 1982, mapema mno. Katika miaka ya 1990 sindano za sumu ya botulini, zinazolegeza misuli iliyokaza, pamoja na kukandwa kwa kina, zilimrudishia vidole kwa kiasi, ingawa distonia haikupona. Albamu yake ya mikono miwili ilitoka mwaka 2004. Desemba ya mwaka huohuo alikwenda Berlin kuzindua, kwa mkono wa kushoto peke yake, utungo ambao mtunzi Hindemith alimwandikia Wittgenstein mwaka 1923. Wittgenstein hakuupenda, aliuweka ndani maisha yake yote bila kuupiga hadharani.