Una tatizo la tezi ya shingo na mifupa imeanza kudhoofika? Mambo ya kuzingatia

Mtu anayetibiwa tezi ya shingo akiambiwa kwamba mifupa yake nayo imeanza kupungua uimara, jambo la kwanza analowaza ni dawa: je, ndiyo inayomla mifupa? Wengine hawasubiri jibu. Wanaacha vidonge kimyakimya. Wengine wanakimbilia duka la dawa, wananunua kalsiamu na kuimeza pamoja na dawa ya tezi asubuhi hiyohiyo.

Njia zote mbili zinaweza kumharibia mgonjwa matibabu. Kinachodhoofisha mifupa ni homoni ya tezi inapozidi mwilini, iwe imezidishwa na ugonjwa au na dozi kubwa kuliko anayohitaji mgonjwa. Homoni ikikaa kwenye kiwango chake, dawa haina ugomvi na mifupa.

Shingo na mifupa vinahusiana vipi?

Tezi inayozungumziwa hapa ni thairoidi, iliyo mbele ya shingo na yenye umbo kama la kipepeo. Isichanganywe na tezi dume. Homoni zake ndizo zinazoamua mwili uende kasi gani: mapigo ya moyo, joto, uzito, usingizi, na pia ujenzi wa mifupa.

Mfupa hautulii. Kila siku kuna seli zinazobomoa sehemu iliyochakaa na nyingine zinazojenga upya. Homoni ya tezi ikizidi, kazi yote inaenda mbio, lakini wajenzi hawawezi kuwafikia wabomoaji. Kila mzunguko unaacha pengo dogo, na mapengo yakijumlika mfupa unakuwa mwepesi na rahisi kuvunjika.

Hili si jambo jipya kwa madaktari. Mwaka 1891, Mjerumani Friedrich von Recklinghausen alieleza mifupa ya mwanamke kijana aliyefariki akiwa na homoni nyingi za tezi: ilionekana kama ubao ulioliwa na wadudu.

Shida ni kwamba mfupa unaopungua hauumi. Wengi wanajua siku wanayoteleza bafuni na kuvunjika kifundo cha mkono au nyonga.

Uko kundi gani?

Wagonjwa wa tezi hawafanani, na ushauri wa jirani unaweza usikufae.

- Tezi inayozidisha homoni. Dalili zake ni moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho jingi, na kukonda ilhali unakula vizuri. Hapa hatua ya kwanza ya kuokoa mifupa ni kutibu tezi yenyewe, kwa vidonge kama kabimazoli, kwa madini joto yenye mionzi, au kwa upasuaji. Homoni zikitulia, mifupa hurudisha sehemu ya uimara wake.
- Tezi iliyolegea. Hawa hutumia levothairoksini ili kujaza homoni iliyopungua. Dozi sahihi haiharibu mifupa. Dozi iliyozidi kwa miaka ndiyo yenye hatari, hasa kwa mwanamke aliyekoma hedhi.
- Waliotibiwa saratani ya tezi. Baadhi yao hupewa dozi kubwa kwa makusudi ili saratani isirudi. Asipunguze mtu mwenyewe. Daktari ndiye anayepima faida ya dozi hiyo dhidi ya hatari kwa mifupa.
- Walioondolewa tezi kwa upasuaji. Nyuma ya thairoidi kuna tezi nne ndogo zinazosimamia kalsiamu kwenye damu. Zikijeruhiwa, kalsiamu hushuka. Ganzi kuzunguka midomo, vidole kuchomachoma na misuli kukakamaa ni dalili za kuwahi hospitali.

Vipimo viwili vya kuvijua

Cha kwanza ni TSH, kipimo cha damu. TSH hutolewa na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na hufanya kazi kinyumenyume: homoni ya thairoidi ikizidi, TSH hushuka, ikipungua, TSH hupanda. Maabara nyingi huhesabu kati ya 0.4 na 4.0 kuwa kawaida kwa mtu mzima. TSH ikikaa chini ya 0.1 kwa muda mrefu, mifupa iko hatarini.

Dozi ikibadilishwa, TSH hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Kupima baada ya siku tano ni kupoteza hela, kwa sababu mwili bado haujaizoea dozi mpya.

Angalizo kwa wanaotumia vidonge vya nywele na kucha: vingi vina biotini, ambayo inaweza kuvuruga majibu ya vipimo vya tezi. Mwambie daktari, na uviache angalau siku 2 kabla ya kutolewa damu.

Cha pili ni DEXA, picha ya mionzi midogo inayopima uzito wa madini kwenye mifupa, kwa kawaida uti wa mgongo na nyonga. Majibu hutolewa kwa alama iitwayo T, inayokulinganisha na kijana mwenye afya:

- Kuanzia -1 kwenda juu: kawaida
- Kati ya -1 na -2.5: mifupa imepungua (osteopenia)
- -2.5 au chini zaidi: mifupa imedhoofika sana (osteoporosisi)

Mashine hii haipo kila hospitali, hivyo si kila mgonjwa wa tezi atapelekwa. Wenye sababu kubwa zaidi ni wanawake waliokoma hedhi, wanaume waliovuka miaka 50, waliowahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu, na wanaotumia prednisoloni kwa miezi mingi. Kipimo cha kurudia kifanyike kwenye mashine ileile ikiwezekana, ili majibu yalinganishike.

Dawa ya tezi na kalsiamu hazipandi gari moja

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kalsiamu hushikana na levothairoksini tumboni na kuizuia isiingie kwenye damu. Mgonjwa anameza dawa kila siku, lakini TSH inapanda. Daktari asipojua, anaongeza dozi. Baadaye mgonjwa akiacha kalsiamu, ile dozi kubwa inaingia yote, homoni inazidi, na mifupa iliyokuwa ikilindwa ndiyo inayoumia.

Dawa hizo zipishane kwa saa 4. Vidonge vya madini ya chuma navyo vinafuata kanuni hiyohiyo. Ratiba inaweza kuwa hivi:

- Saa 12 asubuhi: levothairoksini na maji matupu, tumbo likiwa tupu
- Saa 1 asubuhi: kifungua kinywa
- Saa 7 mchana: kalsiamu pamoja na chakula
- Saa 1 usiku: kalsiamu ya pili pamoja na chakula, kama daktari ameandika mbili

Maji matupu maana yake maji matupu. Chai ya maziwa, kahawa na uji wa lishe wenye soya visubiri dakika 30 hadi 60. Dawa za kutuliza asidi ya tumbo, ikiwemo omeprazoli ambayo watu hujinunulia dukani, nazo zinaweza kupunguza nguvu ya dawa ya tezi. Zitaje kwa daktari.

Mwezi wa Ramadhani, mfungaji anaweza kumeza kalsiamu na futari, kisha levothairoksini usiku angalau saa 3 baada ya chakula cha mwisho na saa 4 baada ya kalsiamu. Anayekula mpaka usiku mwingi anaweza kuamka mapema na kuimeza nusu saa kabla ya daku. Muhimu ni kuchagua muda mmoja na kubaki nao, baada ya kuongea na daktari.

Kwenye sahani kuwe na nini?

Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, na mwanamke aliyevuka miaka 50 takriban 1,200. Hesabu hiyo inajumlisha chakula, si vidonge peke yake. Kikombe cha maziwa au mtindi kina karibu miligramu 300. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, uji wa ulezi na sukuma wiki vinasaidia. Mchicha una kalsiamu, ila sehemu kubwa imefungwa na mwili hauipati kirahisi.

Bila vitamini D, kalsiamu haifyonzwi vizuri. Jua lipo kibao Afrika Mashariki, lakini anayeshinda ofisini, au anayefunika mwili karibu wote akitoka nje, anaweza kupungukiwa. Ngozi nyeusi pia huhitaji jua kwa muda mrefu zaidi.

Tahadhari kuhusu vidonge vya mwani vinavyouzwa kama tiba ya tezi: mwani una madini joto, na yakizidi yanaweza kuivuruga tezi yenye ugonjwa.

Ukipewa dawa ya mifupa

Alendroneti, kidonge ambacho wengi hukimeza mara moja kwa wiki, nacho kinataka tumbo tupu asubuhi. Siku hiyo kimezwe kwanza na glasi nzima ya maji, kisha mtu akae wima au asimame kwa dakika 30. Akilala kinaweza kuunguza koo la chakula. Baada ya dakika hizo 30 ndipo ameze dawa ya tezi, halafu asubiri tena kabla ya kula. Wanaoona ni usumbufu wanaweza kumuomba daktari awahamishie dawa ya tezi usiku.

Mwili ufanye kazi, lakini kwa akili

Mfupa huimarika ukibebeshwa uzito. Kutembea haraka, kupanda ngazi na kunyanyua vitu vyepesi mara kadhaa kwa wiki kunatosha kuanza. Mwenye osteoporosisi ya mgongo aepuke kuinama na kunyanyua ndoo ya maji kwa mkupuo, au kuibeba kichwani. Ambaye moyo bado unaenda mbio asubiri homoni zitulie kwanza.

Nyumbani, ondoa kinachoangusha: kandambili zilizoisha, sakafu ya bafu yenye utelezi, mkeka uliokunjika, njia ya chooni isiyo na taa. Sigara na pombe nyingi navyo humaliza mifupa.

Usisubiri kliniki ijayo kama:

- Umepata maumivu makali ya ghafla ya mgongo, hata bila kuanguka
- Urefu umepungua au mgongo umeanza kupinda
- Moyo unaenda mbio au hauna mpangilio
- Umeanguka na huwezi kukanyaga mguu

Maswali manne ya kumuuliza daktari

1. TSH yangu ni ngapi, na kwa hali yangu inatakiwa iwe ngapi?
2. Dozi yangu ilipitiwa lini mara ya mwisho?
3. Je, ninahitaji DEXA au kipimo cha vitamini D?
4. Dawa zangu zote nizimeze saa ngapi?

Nenda na vidonge vyote unavyotumia, hata vya dukani na vya mitishamba, uviweke mezani. Na kama una wasiwasi kwamba dawa ya tezi inakuumiza mifupa, pima TSH kabla ya kuigusa dozi. Tezi iliyolegea ikikosa dawa huleta uchovu, baridi, moyo kwenda polepole na mafuta mengi kwenye damu, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosaidia mifupa.